Jicho Jipya na Sanduku la Casilda

Mliokuwa nami juma lililopita mliniacha kwenye benchi la hospitali mjini Campeche, jicho la kushoto limefunikwa, nikingoja kujua kama nitaona au nimepasuliwa bure. Asiyekuwepo namweka sawa kwa maneno machache. Mimi ni Delfino Cahuich, umri miaka sabini na tisa, niliyekuwa karani wa stesheni ya reli mpaka treni ya abiria ilipoacha kupita. Kusoma nilijifunza nikiwa na miaka thelathini na moja, shule ya usiku, mikono ikinuka grisi. Kwa miaka minne mtoto wa jicho alinifungia macho yote mawili, nikawa mtu wa kushikwa mkono. Aliyenishika ni shemeji yangu Herlinda, mdogo wa marehemu mke wangu Casilda.

Basi walinifunua.

Niliona. Wengine huandika kurasa nzima kuhusu mwanga na machozi. Mimi kitu cha kwanza nilichokiona ni sahani ya wali wa hospitali, na unywele juu yake. Nikajua jicho linafanya kazi.

Muuguzi alikuja na karatasi ya maswali. Akamaliza yangu, kisha akamgeukia Herlinda.

"Na wewe mama unayemtunza, unapata usingizi?"

"Analala vizuri," nikasema.

"Unapata nafasi ya kutoka, kutembelea watu wako?"

"Huyu si mtu wa kutembea."

"Kuna siku unachoka mpaka unatamani kulia?"

"Herlinda halii."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Babu, tumekupasua jicho. Mdomo hatukuugusa, na nauona ni mzima kabisa. Upumzishe kidogo."

Herlinda akacheka puani. "Andika alivyosema, binti yangu. Ndivyo tunavyoishi."

Akaandika. Halafu akatusomea masharti. Mwezi mzima nisiiname, nisinyanyue kizito, nisikaribie vumbi wala moshi, na matone ya dawa mara nne kwa siku. Jicho likipona, litafuata la kulia.

Nilirudi nyumbani nikiwa na jicho moja jipya, na hapo ndipo kinyaa kilipoanza.

Nyumba niliyoiacha kabla ya giza ilikuwa safi. Niliyorudishiwa sijui ilikuwa ya nani. Mtungi wa maji ya kunywa ulikuwa na utando wa kijani ndani, laini kama manyoya ya kifaranga, na mimi nilikuwa nakunywa humo na kusifu ubaridi wake. Ndani ya kopo la sukari mlikuwa na mende watatu, wawili wakiwa hai. Machela yangu ya kuning'inia ninayolalia ilikuwa na alama nyeusi ya jasho, mwili wangu mzima, kisogo mpaka kisigino, kama mtu mwingine ametangulia kulala.

Nikajitazama miguu. Kucha zilikuwa nene, za rangi ya pembe, zimejikunja. Masikioni nilikuwa na nywele kama za mbuzi. Nilikaribia kutapika kwa ajili yangu mwenyewe, lakini ni rahisi zaidi kumtapikia mtu mwingine.

"Shemeji, hii nini?"

"Sufuria."

"Naona kuwa ni sufuria. Nauliza hii nyeusi."

"Hiyo ni miaka minne ya kukupikia mara tatu kwa siku, huku nikikupeleka msalani, huku nikikutafutia soksi ambayo tayari umeivaa."

"Casilda alikuwa anasugua kwa majivu."

"Casilda alikuwa na mume anayeona."

Siku ya tatu nilipitisha kidole juu ya rafu mbele yake, nikakiinua ili akione. Alikitazama kile kidole, akanishika kidevu, akanidondoshea dawa jichoni, akaondoka. Nilikuwa nimemchagulia vumbi zuri kabisa, na hakulitazama hata mara mbili.

Sasa tulikuwa mwisho wa Oktoba, na mwisho wa Oktoba kwetu ni kuwasafisha marehemu. Mtu akizikwa hukaa chini miaka mitatu. Kisha hutolewa, mifupa ikapangwa kwenye sanduku la mbao juu ya kitambaa kilichotariziwa, fuvu juu kabisa, na sanduku likawekwa wazi kwenye shimo la ukuta, apate hewa. Kila mwaka, kabla roho hazijaja kula Novemba mosi, jamaa zake humpiga brashi, humbadilishia kitambaa, humpa habari za nyumbani. Asiyesafishwa ni kama mgeni aliyeitwa chakulani akiwa na nguo chafu. Na asiye na mtu hukaa mwaka mmoja, halafu hutupwa kwenye shimo la wote, mifupa yake ikachanganyika na ya yeyote.

Casilda wangu nilimtoa ardhini mwenyewe, miaka sita iliyopita, macho yangu yakiwa bado yanafaa. Baadaye Herlinda akawa ananipeleka. Ananikabidhi fuvu, mimi nalisafisha, nalibusu paji la uso, nalia kidogo. Yeye anafanya mifupa mingine.

Mwaka huu nikasema, "Nitamwona Casilda kwa jicho langu."

"Huendi," akasema Herlinda.

"Nani amesema?"

"Daktari. Amekataza vumbi. Mifupa ni nini kama si vumbi?"

"Nitavaa miwani."

"Vumbi linazunguka miwani. Kaa hapa, nitakwenda mwenyewe, nitamwambia unamsalimu."

Hakuwahi kuijali afya yangu kwa sauti ile, laini. Nilipaswa kujiuliza. Badala yake nilijisikia mtu wa maana.

Alhamisi asubuhi alibeba mahindi yake kwenda kinuni, maana kulikuwa na unga wa kusaga kwa ajili ya mkate mkubwa wa kuku tunaoufukia kwenye mawe ya moto. Foleni ya kinuni siku hizo ni ndefu. Alhamisi pia ndiyo siku ya lori la taka. Nikaona hapa ndipo nitakapomwonyesha usafi ni nini.

Nilitoa nje magodoro mawili yaliyooza, kopo la sukari pamoja na wenyeji wake, viatu visivyo na wenzi, sufuria ile. Kutoka chini ya cherehani ya Casilda, nyuma ya pazia dogo, nilivuta kwa mguu kasha la mbao lililofungwa kamba, mafundo mengi kama lina mwizi ndani. Lilinuka kafuri na kitu kingine cha kale. Mende mmoja akatoka upande wa nyuma, akapita juu ya kidole changu cha mguu bila haraka, kama mwenye nyumba. Mwili mzima ulinisisimka. Nililisukuma kwa ufagio mpaka mlangoni.

Jamaa wa lori alilinyanyua begani. "Mna nini humu, babu?"

"Uchafu wa miaka minne."

Akalirusha juu, likavunja kitu huko, lori likaondoka. Nilirudisha pazia mahali pake, nikanawa mikono mara tatu. Halafu nikachukua brashi, nikachukua na kitambaa kipya ambacho Herlinda alikuwa amekikunja ndani ya gazeti, nikavaa miwani yangu nyeusi na kwenda makaburini bila kushikwa mkono na mtu. Watu walinisalimu njiani. Niliitikia kwa majina yao kabla hawajayataja, nikaona wanavyoshangaa. Ilikuwa furaha yangu ya mwisho siku hiyo.

Sanduku liko safu ya tatu, kimo cha kifua. Jina nililiandika mwenyewe kwa rangi ya bluu, CASILDA TUZ EUÁN, herufi zimenyooka kama nilivyofundishwa. Nililisoma mara mbili kwa raha.

Kisha nikaona kitambaa cha mwaka jana, kimening'inia ukingoni.

Herlinda alikuwa ameniambia ametarizi maua kwenye chombo chenye shingo ndefu. Nilikipapasa wakati ule, nikamsifu. Sasa nilikiona. Maua yalikuwepo, pembeni. Chombo kilikuwa gitaa, na nyuzi zake sita.

Casilda hakushika gitaa maisha yake yote. Alishika mkasi.

Nikafungua kile kipya nilichobeba. Gitaa jingine, kubwa zaidi.

Nililitoa fuvu kwa mikono miwili, kama nilivyozoea, nikalipuliza paji la uso, mahali pa busu. Nikaligeuza tutazamane.

Likanichekea kwa dhahabu.

Jino la mbele la juu lilikuwa limevikwa dhahabu, na katikati ya dhahabu pamekatwa nyota. Mji mzima alikuwa nalo mtu mmoja tu. Anacleto Naal, mpiga gitaa wa harusini na misibani, mtu niliyemchukia miaka thelathini, ambaye nikimwona upande huu wa barabara nilivuka kwenda ule. Alikufa mwaka mmoja baada ya Casilda. Sikwenda kumzika. Nilijivunia kutokwenda.

Miaka minne kidole gumba changu kimepita juu ya nyota ile. Nilihisi mkwaruzo. Nikajiambia ni pale Casilda alipovunja jino akifungulia chupa ya soda, harusini kwa binamu yake. Nilimsimulia Herlinda kisa chote, mpaka rangi ya soda, na Herlinda akaitikia, "Ndiyo, shemeji, nakumbuka." Leo nakiri kwenu kwamba chupa haikuwepo. Na harusi yenyewe sina hakika nayo.

Midomo yangu ilianza kuwasha. Nilipiga hesabu ya mabusu, nikaiacha katikati.

Filemón alikuwa hatua kumi kutoka pale. Huyu ni mtunza makaburi, huwasafishia mifupa watu wasio na muda.

"Filemón, hili fuvu la nani?"

"Jina si umeliandika wewe?"

"Jina naliona. Nauliza fuvu."

Aliweka brashi yake juu ya goti la mtu. "Waliniambia umefanyiwa jicho moja tu, Don Delfino. Nikadhani tuna mwaka mmoja zaidi."

"Kwa hiyo ulijua."

"Mimi ndiye niliyepanda ngazi kumshusha huyu kutoka safu ya juu."

"Nani mwingine anajua?"

Akatazama huku na huku. Wanawake wote kwenye safu ile waliinamia masanduku yao kwa pamoja, kama wamepigiwa kengele.

"Padre hajui," akasema. "Padre ni mgeni."

"Miaka minne mnanitazama nikimbusu Anacleto Naal."

"Tuliona ni jambo la heri. Marehemu mama yangu alikuwa akisema, tazameni, hatimaye wamepatana."

Nilikwenda nyuma ya ukuta, nikainama, nikatapika kahawa na mkate wa asubuhi. Daktari alikataza kuinama. Nilisikia jicho likinidunda kama lina moyo wake. Nilipojifuta mdomo na kitambaa, nikagundua ni kile chenye gitaa, nikatapika tena.

"Casilda yuko wapi?" nikamuuliza Filemón.

"Hilo muulize aliyemchukua. Alimpanga kwenye kikapu cha mahindi, akamfunika vizuri. Mimi niliambiwa nigeuke, nikageuka."

"Yuko kwenye shimo la wote?"

"Don Delfino, nimekwambia nilikuwa nimegeuka. Kikapu kilitoka langoni, hilo nililiona. Rudi nyumbani upate kivuli. Na huyo mrudishe ndani kwanza, usimwache juani."

Nilimrudisha. Sikumpangusa. Kesho kutwa roho zinakuja, na mke wangu hana jina, hana sanduku, hana pa kufikia. Hilo ndilo nililotembea nalo njia nzima. Salamu za watu sikuziitikia tena. Kila aliyeniamkia nilimtazama mdomo, kuona kama anacheka.

Nilipita uani moja kwa moja mpaka jikoni, kibanda chetu cha makuti nyuma ya nyumba. Herlinda alikuwa amerudi kutoka kinuni wakati huo huo, kikapu bado miguuni, mikono imeshaingia kwenye unga. Aliona brashi mkononi mwangu. Aliona jicho.

"Jicho limekuwa jekundu," akasema.

"Limeona nyota."

Akaendelea kukanda. Sikumwona akitetemeka wala kubadilika rangi, na nilikuwa nikitazama kwa bidii.

"Ningekwambia jicho la pili likishapona," akasema. "Sikutaka uwe na la kushoto tu kwa habari kubwa hivi."

"Umenibusisha maiti ya yule mlevi."

"Anacleto hakunywa pombe. Ulisema wewe kwamba anakunywa, uliandika kwenye barua."

Hapa ndipo pa kukiri. Casilda nami tulipooana, Herlinda alikuja kukaa kwetu akiwa msichana wa miaka ishirini. Anacleto alikuja ukutani kwetu na gitaa lake kwa ajili yake, miaka miwili, kwa adabu, hakuwahi kuvuka lango. Baba yao alikuwa amekufa, mwenye kauli nilikuwa mimi. Nikamwandikia barua kurasa mbili, mkato na nukta kila kimoja mahali pake, kwamba familia hii haimwozeshi binti yake kwa mlevi mwenye meno ya maonyesho. Nilijivunia sana sarufi ya ile barua. Sababu ya kweli sikuiandika. Casilda alishona toka asubuhi mpaka jioni. Herlinda akiolewa, nani angenipikia?

Anacleto hakuoa. Herlinda alinipikia. Nimeandika maneno hayo sasa hivi na kalamu imenichafukia mkononi kama kitambaa kile cha gitaa.

"Alikuwa anakwenda shimoni, shemeji," akasema Herlinda. "Filemón alinipa siku tatu. Hakuwa na ndugu, hakuwa na mtu wa kumpangusa. Mimi ni nani kwake? Hata barua yake sina, ninayo yako tu, alinipa nisome. Nikawaza, nafasi ninayoijua ni moja, na wewe huoni. Nikampa."

"Nafasi ya dada yako."

"Dada yangu ndiye aliyetoa ruhusa."

"Miaka mitano baada ya kufa?"

"Kabla hajafa. Ulikuwa stesheni, unawasimulia watu zamani za treni. Aliniambia, mdogo wangu, nikitolewa chini msinipange ukutani, pana upepo na watu wengi, mimi nataka kusikia cherehani. Ningekwambia? Ungesema nini? Ungesema mji utatucheka."

Ningesema hivyo hivyo.

"Machozi yako hayakupotea," akaendelea. "Kila mwaka tukirudi nilimwambia, leo amekulilia. Hakuwahi kukosa salamu zako. Hukumsafisha wewe, nimemsafisha mimi, kila Ijumaa, wakati wewe unasikiliza redio. Yule muuguzi aliuliza kama napata nafasi ya kukaa na watu wangu. Napata. Ijumaa."

Nilijua tayari. Mwili ulijua kabla yangu, ulikuwa umeanza kusisimka palepale mende alipopita.

"Herlinda. Yuko wapi?"

Akatoa mikono kwenye unga, akaipangusa kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Sijapata kumwona hivyo, wala kwa jicho la zamani wala kwa hili.

"Nimechoka kuficha," akasema. "Una jicho sasa, hunihitaji nikuongoze. Nenda chumba cha mbele ukamwone mwenyewe. Yuko chini ya cherehani, nyuma ya pazia, kwenye kasha alilokuwa akiwekea nyuzi. Fungua kamba polepole, mafundo nimefunga mengi, niliogopa panya."

Niliishika brashi kwa mikono miwili.

"Mbona umenyamaza, shemeji? Wewe si mtu wa kunyamaza."

Nyuma ya bega lake, juu ya ukuta wa ua, upande wa magharibi ambako lori la taka huenda kumwaga, moshi ulikuwa umeanza kupanda. Taka huchomwa huko kila Alhamisi kabla ya adhuhuri. Miaka minne nilikuwa nikiunusa tu, nikilalamika kwamba unaingia kwenye chakula. Sasa niliuona vizuri kabisa, mweusi chini, mweupe juu, mpaka mikunjo yake.

"Shemeji," akasema Herlinda, na akaanza kuvua aproni, "kule ndani umefanya nini?"